Nusu ekari ya mizabibu na jina la mahali: wakulima wa Galicia wanapigania nini?

Kwenye kona ya kaskazini-magharibi ya Hispania, juu kidogo ya mpaka wa Ureno, wako wakulima wapatao 5,000 wanaolima zabibu, na karibu wote wanalima aina moja tu. Kwa pamoja wana zaidi ya hekta 4,000, lakini eneo hilo limekatwa vipande zaidi ya 20,000. Ukigawanya utaona kwamba kipande cha kawaida ni kama nusu ekari, na mkulima wa kawaida, hata akijumlisha vipande vyake vyote, hafikishi hekta moja. Pamoja na udogo huo, zabibu zao ni miongoni mwa zabibu za bei ya juu kabisa nchini Hispania, nchi ambayo ndiyo yenye eneo kubwa zaidi la mizabibu duniani.

Zabibu hiyo inaitwa albariño. Mvinyo wake ni mweupe na mkavu, maana yake sukari yote ya tunda imeachwa ichachuke mpaka ikaisha, hivyo mnywaji haonji utamu bali ukali kama wa ndimu. Eneo lenyewe linaitwa Rías Baixas, katika jimbo la Galicia.

Tunajua wasikilizaji wetu wengi hawanywi mvinyo, na wengine dini yao hairuhusu. Tumeandika makala hii kwa ajili ya mkulima, maana maswali yanayowasumbua watu wa Galicia leo ni yale yale tunayoyasikia kila wiki katika simu zenu: nani anapanga bei, kipande kilichogawanywa na mirathi kitalisha watu wangapi, na itakuwaje mnunuzi wa ng'ambo akiamua kupandisha ushuru. Agosti 2025 Marekani, ambayo ndiyo soko kubwa la nje la mvinyo wa Rías Baixas, iliweka ushuru wa asilimia 15 kwa bidhaa nyingi za Umoja wa Ulaya, mvinyo ukiwemo. Na hali ya biashara ilikuwa ngumu hata kabla ya hapo. Shirika la kimataifa la mizabibu na mvinyo, OIV, lilikadiria kwamba mwaka 2024 dunia ilikunywa hektolita milioni 214 hivi, kiwango cha chini kabisa tangu 1961.

Mizabibu juu ya vichwa vya watu

Jina Rías Baixas, kwa lugha ya Kigalicia, lina maana ya hori za chini, yaani hori za kusini. Bahari ya Atlantiki imeingia ndani ya mabonde ya zamani ya mito na kutengeneza hori ndefu zenye maji ya chumvi. Ndani ya hori hizo watu wanafuga kome kwenye maboya ya mbao, na kwenye matope ya ufukweni wanawake wanachimba kombe maji yanapokupwa. Juu kidogo ya ufuko mashamba ya zabibu yanaanza. Familia nyingi zina mguu mmoja baharini na mwingine shambani. Baba ana maboya ya kome, mama ana leseni ya kuchimba kombe, na Septemba wote wanashika mikasi.

Zabibu kwa kawaida hupenda ukame. Wenzetu wa Dodoma, ambako mvua haifiki milimita 600 kwa mwaka, wanalijua hilo. Rías Baixas hupata karibu milimita 1,600, na hiyo ni mvua ya kulima chai. Ndiyo maana mizabibu ya huko haikuachwa karibu na ardhi. Imepandishwa juu ya chanja, kimo cha mtu au zaidi, kwa nyaya zilizoshikiliwa na nguzo za mawe. Jiwe ni matale, ambalo eneo hilo limejaa, kwa hiyo nguzo iliyosimikwa na babu bado imesimama. Upepo unapita chini, majani yanakauka upesi, na ukungu unapunguzwa makali. Zamani chini ya chanja hizo watu walipanda viazi na kabichi. Kipande kimoja kiliwapa mvinyo juu na mboga chini, jambo ambalo mtu wa Kilimanjaro mwenye kahawa chini ya migomba hahitaji kuelezwa.

Ukungu hata hivyo haujaondoka. Dawa ya zamani ni mrututu uliochanganywa na chokaa, ile ya rangi ya buluu ambayo wakulima wa kahawa wanaifahamu. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha shaba inayoruhusiwa shambani, kilo 28 kwa hekta katika kipindi cha miaka saba, kwa sababu shaba haiozi, inabaki kwenye udongo. Mkulima wa sehemu kavu ya Hispania anaweza kuishi na kikomo hicho bila shida. Mkulima wa Galicia, katika mwaka wa mvua nyingi, anahesabu kila gramu. Kwa hiyo mtu akikuuliza kwa nini kilimo hai ni adimu katika eneo hilo, jibu liko hapo.

Mavuno huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba. Zabibu hukatwa kwa mkono, mtu akiwa amesimama na mikono juu, na huwekwa kwenye makreti ya plastiki yasiyozidi kilo 20 ili zisipondeke kabla ya kufika kiwandani. Mashine hazipiti chini ya chanja. Kazi hiyo hufanywa na ndugu, majirani na vibarua, na inapaswa kumalizika ndani ya siku chache, maana zabibu iliyoiva na mvua inayokuja haviwezi kukaa pamoja.

Jina walilolipoteza na jina walilolipata

Hapa ndipo penye somo kubwa zaidi kwa maoni yetu, na tutakaa hapo kidogo.

Mwaka 1980 serikali ya Hispania iliitambua bidhaa hii kwa jina la zabibu yenyewe: ilikuwa chapa maalumu ya "Albariño". Mwaka 1986 Hispania ikajiunga na Jumuiya ya Ulaya, na sheria za Jumuiya hazikukubali chapa ya asili iliyojengwa juu ya jina la aina moja ya zabibu. Sababu ni rahisi kuielewa. Mmea ni mmea. Kipande cha tawi kinaweza kukatwa, kikafungwa kwenye gunia lenye unyevu, na kikapandwa popote. Mahali hapahami. Kwa hiyo mwaka 1988 walibadilisha, na jina lililolindwa likawa Rías Baixas. Wakati huo kulikuwa na hekta zisizofika 300 na viwanda 14 tu. Leo viwanda vinazidi 150, na katika miaka ya karibuni mavuno yamevuka kilo milioni 40.

Tukio lililotokea Australia linaonyesha vizuri tofauti ya majina hayo mawili. Wakulima wa huko walipata vipandikizi kutoka Hispania, wakavipanda, wakatengeneza mvinyo na kuuita Albariño kwa miaka kadhaa. Mwaka 2008 mtaalamu wa Kifaransa wa kutambua mizabibu, Jean-Michel Boursiquot, aliyatazama majani ya mizabibu hiyo na kusema hii siyo albariño. Vipimo vya vinasaba vilivyotangazwa 2009 vikathibitisha: ilikuwa zabibu nyingine kabisa ya mashariki mwa Ufaransa, inayoitwa savagnin. Mashamba yalikuwa tayari yamekomaa, lebo zimechapishwa, wateja wamezoea. Fikiria umenunua mbegu za mahindi ya H fulani, umelima miaka kumi, kisha unaambiwa ni aina nyingine.

Albariño halisi nayo imesafiri. Ureno wanayo ng'ambo ya mto Miño, tangu zamani, wakiita alvarinho. Siku hizi inalimwa California, Uruguay na New Zealand. Mwaka 2021 hata Bordeaux, eneo maarufu kuliko yote Ufaransa, liliruhusu zabibu hii kupandwa kwa majaribio ili kukabiliana na joto linalopanda. Wote hao wanaweza kuandika jina la zabibu kwenye chupa. Hakuna hata mmoja anayeweza kuandika Rías Baixas.

Jina hilo lina mlinzi. Baraza la usimamizi lenye ofisi Pontevedra, ambalo ndani yake wamo wawakilishi wa wakulima na wa viwanda, lina rejesta ya kila kipande na linaweka kiwango cha juu cha mavuno, kilo 12,000 kwa hekta kwa albariño. Mtu akileta kilo nyingi kuliko shamba lake linavyoweza kutoa, maana yake amechanganya na za kwingine, na hesabu itamfichua. Kila chupa inayokubaliwa inapewa kibandiko chenye namba. Ni kazi ya makaratasi, inachosha, na wakulima wanailalamikia. Lakini bila hayo makaratasi mfanyabiashara mwenye lori angenunua zabibu za senti 30 za katikati ya Hispania na kuziuza kama za Galicia.

Kwa nini sheria inalinda mvinyo kuliko kahawa

Msikilizaji wa Mbinga au Nyeri ana haki ya kuuliza: na sisi je? Mkataba wa haki za ubunifu wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika 1995, unalinda majina ya mahali kwa viwango viwili. Ibara ya 22 inalinda bidhaa zote, lakini mlalamikaji anapaswa kuonyesha kwamba mnunuzi amepotoshwa. Ibara ya 23 inatoa ulinzi mkali zaidi, ambapo huhitaji kuthibitisha kwamba kuna aliyedanganywa, na hata kuandika "mtindo wa" mahali fulani hairuhusiwi. Ibara hii ya pili inahusu mvinyo na pombe kali tu. Kahawa haimo, na wala chai, karafuu na korosho hazimo.

Sababu yake haitokani na ubora wa bidhaa. Nchi za Ulaya zilikuwa na mvinyo wa kulinda na zilikuwa na nguvu mezani. Nchi za Afrika kwa pamoja, zikiwa na India na nyingine nyingi, ziliunga mkono mwaka 2008 pendekezo la kupanua ulinzi huo kwa bidhaa zote. Safari hiyo Ulaya ilikuwa upande wetu, nao wana jibini na nyama za kulinda. Marekani, Australia na wengine wakapinga, na jambo likalala. Mpaka leo limelala.

Tukiwa wakweli, hata ibara ya 23 ingepanuliwa kesho asubuhi, jina bila baraza, bila rejesta ya mashamba na bila mtu wa kupima kilo mlangoni ni herufi kwenye gunia. Watu wa Rías Baixas walianza na rejesta.

Bei: nani anasema ngapi?

Kilo moja ya albariño huuzwa kwa zaidi ya euro moja, na mwaka mzuri hukaribia mbili au kuzipita. Katika nyanda za La Mancha, kusini mwa Madrid, zabibu za mvinyo wa kawaida huuzwa kwa senti 20, 30 au 40. Tofauti ni kubwa mno, na ndiyo inayomfanya mtu wa nusu ekari aendelee kupogolea.

Lakini bei hiyo haisimami. Viwanda vikijaza matangi mwaka huu, mwakani vinanunua kwa kusuasua. Mkulima mdogo asiye na tangi hana pa kwenda. Zabibu haisubiri wiki. Wakulima wa zabibu wa Dodoma ambao wamewahi kuona mazao yakining'inia shambani huku wanunuzi wakisema wameshajaza, wanalijua jambo hili bila kusoma makala.

Hispania ilijaribu kulitatua kwa sheria. Sheria ya mnyororo wa chakula ya 2013, iliyofanyiwa marekebisho makubwa Desemba 2021, inataka mauziano ya zaidi ya euro 1,000 yawe na mkataba wa maandishi, na inakataza kumlipa mkulima chini ya gharama yake ya uzalishaji. Kuna wakala wa serikali, AICA, anayekagua na kutoza faini. Kwa karatasi ni sheria nzuri kuliko nyingi tunazozijua.

Tatizo liko kwenye neno "gharama". Gharama ya nani? Mwenye hekta 10 zilizonyooka kando ya barabara ana gharama yake. Bibi mwenye vipande vinne, kimoja nyuma ya kanisa, kingine ng'ambo ya kijito, ana gharama nyingine kabisa, na sehemu kubwa yake ni mikono ya familia ambayo hakuna aliyeilipa wala kuiandika. Akiulizwa alete hesabu, ataleta stakabadhi za dawa na mafuta. Jasho halina stakabadhi. Mnunuzi akimlipa juu kidogo ya stakabadhi hizo, sheria imetimizwa. Mkulima mwenye kumbukumbu za siku za kazi anaweza kubishana. Asiye nazo anasaini. Tumesikia wataalamu wa ugani wakihimiza daftari la shamba mpaka wakachosha watu, na hapa ndipo linapogeuka kuwa silaha.

Vilevile kuna woga wa kawaida wa kijiji. Mtu anayemshtaki mnunuzi kwa AICA mwaka huu atamuuzia nani mwaka ujao?

Ushirika ulionunua ikulu

Wengine walitafuta njia nyingine, nayo ni kuwa na kiwanda chao wenyewe. Katikati ya miaka ya 1980, kundi la wakulima wa mji wa Cambados na vitongoji vyake walianzisha kiwanda cha Martín Códax, wakakipa jina la mshairi wa Galicia wa karne ya 13. Leo chupa zake zinauzwa katika nchi nyingi. Mwaka 1988 wakulima wengine wakaanzisha ushirika wa Condes de Albarei, mji huo huo.

Ushirika huu wa pili una kisa kinachostahili kusimuliwa. Miaka ya 1980 na 1990 hori za Galicia zilikuwa njia kuu ya kuingizia dawa za kulevya Ulaya. Wavuvi waliojua kila mwamba walilipwa kuendesha boti za kasi usiku, na vijana wa vijiji hivyo hivyo wakawa wateja wa kwanza. Mlanguzi mmoja mkubwa, aliyekuja kuhukumiwa baadaye, alikuwa akimiliki jumba la kifahari liitwalo Pazo Baión, lenye shamba kubwa la mizabibu ambalo kwa eneo la vipande vya nusu ekari lilikuwa kama ufalme. Akina mama ambao watoto wao walikuwa wameharibiwa na dawa walikwenda kwenye geti la jumba hilo na kulitikisa mbele ya kamera. Picha hiyo bado inaoneshwa kwenye televisheni za Hispania.

Serikali ililitaifisha shamba. Mwaka 2008 likapigwa mnada, na aliyelinunua kwa euro milioni 15 alikuwa ushirika wa wakulima wadogo, Condes de Albarei. Moja ya masharti lilikuwa kutenga asilimia 5 ya faida kwa ajili ya watu wanaopona kutoka kwenye dawa za kulevya. Ushirika wa watu wenye vipande vinavyotosha kuzungukwa kwa dakika tano ulichukua shamba la tajiri aliyewatisha. Hatusemi ushirika wote unakwenda hivyo. Tunajua vyama vya ushirika vilivyoliwa na mchwa kwetu, na Galicia nao wana vyao vilivyofilisika. Lakini hiki kilikuwa na kiwanda, kilikuwa na soko la nje, na kilikuwa kinakopesheka benki. Hayo matatu ndiyo yaliyonunua Pazo Baión.

Ushuru unaanzia New York, unamalizikia shambani

Turudi kwenye ushuru. Hii siyo mara ya kwanza. Oktoba 2019 Marekani iliweka asilimia 25 kwa mvinyo wa kawaida wa Hispania, Ufaransa, Ujerumani na Uingereza, kwa sababu ya ugomvi wa ndege kati ya kampuni za Airbus na Boeing. Mkulima wa Cambados hakuwahi kutengeneza hata bawa la ndege. Ushuru ule ulisimamishwa Machi 2021. Aprili 2025 ukaja mpya wa asilimia 10, na Agosti ukafika 15.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme chupa inaondoka kiwandani kwa euro 5. Asilimia 15 ni senti 75. Mwagizaji wa New York hataki kupandisha bei dukani ghafla, kwa hiyo anapiga simu na kusema: tugawane. Kiwanda kinameza senti 35 au 40. Wakati huo huo, mwaka 2025 euro ilipanda thamani dhidi ya dola, kwa hiyo chupa ile ile ilikuwa imeshakuwa ghali kwa Mmarekani kabla hata ya ushuru. Kiwanda kinatafuta pa kupunguza. Chupa, kizibo, lebo na umeme havishuki bei. Kinachoweza kushuka ni zabibu, na chupa moja hutumia zaidi kidogo ya kilo moja. Senti 20 zikikatwa kwenye kilo, mwenye nusu ekari inayotoa kilo 2,000 amepoteza euro 400. Ni karibu gharama yake yote ya dawa na vifaa kwa msimu, au ni makato ambayo mtoto wake aliyeko mjini anayaona na kusema, baba, achana na hiyo kazi.

Habari njema ni kwamba Wahispania wenyewe bado wanakunywa sehemu kubwa ya mvinyo huu, hasa pamoja na samaki na kombe wa hori zao. Eneo linalotegemea soko la nje peke yake lingeumia zaidi.

Ardhi, wazee na mikaratusi

Tukiulizwa kipi kinatutia wasiwasi zaidi, ushuru au umri wa wakulima, tungesema umri. Galicia imesafirisha watu kwa zaidi ya karne moja, wakienda Argentina, Cuba, Uswisi na Ujerumani. Buenos Aires ilijaa watu wao kiasi kwamba Mhispania yeyote huko huitwa "gallego". Aliyeondoka aliacha kipande chake, na kipande hakikuuzwa. Kikagawanywa kwa watoto, na watoto wa watoto. Jimbo zima lina vipande zaidi ya milioni 10 vya ardhi, na vingi wenyewe hawajulikani waliko. Mkulima kijana anayetaka kuunganisha hekta mbili huenda akahitaji saini za watu 15, wawili kati yao wakiwa Caracas na mmoja kaburini.

Mwaka 2021 bunge la Galicia lilipitisha sheria ya kurejesha ardhi ya kilimo, inayoruhusu vipande vilivyotelekezwa kuunganishwa na kukodishwa kwa anayetaka kulima, bila mwenyewe kupoteza umiliki. Kazi inakwenda polepole. Kwenye bonde lenye jina la Rías Baixas ardhi ina thamani na haitelekezwi sana, kwa hiyo tatizo linakuja kwa sura nyingine. Kampuni kubwa za mvinyo kutoka maeneo mengine ya Hispania, hasa Rioja, zimekuwa zikinunua viwanda na mashamba huko tangu miaka ya 1980. Kwa mzee asiye na mrithi anayetaka kulima, hela ya kampuni ni baraka. Kwa jirani yake anayebaki, maana yake ni kwamba mnunuzi wa zabibu zake sasa ana zabibu za kwake mwenyewe pia.

Ardhi iliyotelekezwa kwa kweli, ile ya mlimani, inachukuliwa na mikaratusi. Inakua upesi, haihitaji palizi, inauzwa kwa viwanda vya karatasi, na inawaka moto vibaya wakati wa kiangazi. Tangu 2024 maelfu ya watu wameandamana kupinga mpango wa kampuni ya Kireno ya Altri wa kujenga kiwanda kikubwa cha nyuzi za mbao huko Palas de Rei, kando ya mto Ulla. Kiwanda hicho kingehitaji kuchota hadi lita milioni 46 za maji kwa siku. Machi 2025 serikali ya jimbo ilitoa tamko la kuukubali mpango huo kwa upande wa athari za mazingira. Ulla unamwaga maji yake kwenye hori ya Arousa, yenye kome na kombe, na bonde lake la chini ni moja ya kanda tano za mvinyo wa Rías Baixas. Wachimba kombe ni miongoni mwa walioandamana, lakini tulikwisha kusema kwamba katika nyumba nyingi mchimba kombe na mkulima wa zabibu wanakula meza moja.

Mavuno yajayo yataanza, kama kawaida, mwisho wa Agosti au Septemba kutegemea jua. Karatasi ya kwanza ya kuitazama ni ile ya mkataba ambayo viwanda vinapaswa kuwapa wakulima kabla makreti hayajajazwa, na bei iliyoandikwa humo.